Jembe la Mjomba Kwenye Simu

Mjomba Mikaeli alishuka kutoka Matombo asubuhi, akaitikia shikamoo zetu bila kutuangalia, akakaa na simu yake kama askari aliyeshika kidhibiti cha kesi. Siku ya mahari alikuwa mgonjwa, hivyo nikamtumia video iliyorekodiwa na binamu, bila kuitazama. Kwetu Waluguru, mjomba asiporidhika ndoa haipo. Dada yangu Martina alisimama mlangoni na mwiko mkononi, hata ugali kausahau.

Mjomba alitaka kujua kitu kimoja: jembe lake, fungu la mjomba katika mahari, lilitolewa kabla ya bahasha ya baba, au baada? Kama lilifuata, Eustace, mchumba wa Martina, akaoe kwingine.

Subira hana. Akaburuta kidole kuirusha video mbele. Mama mdogo Margareth, aliyempokelea, yuko mikono mitupu. Akaburuta kidogo tu: mama mdogo ana jembe, baba ana bahasha. Akarudisha: mikono mitupu.

"Mmeikata," akasema, akachukua kofia yake.

Nikamwahi. Nikamweleza kwamba haikukatwa, ilibanwa ili ipite kwenye mtandao. Video iliyobanwa haihifadhi kila picha nzima. Inaweka moja, halafu inaandika tu kilichobadilika, mpaka nyingine nzima mbele huko. Ukiirukia katikati, simu inakimbilia picha nzima iliyo jirani.

"Anzia kwenye mikono mitupu, mjomba. Usiiguse."

Akabonyeza. Hapo ndipo nilipokumbuka nilichofanya siku ile, katikati ya picha hizo mbili.

Kwenye simu nikatokea mimi. Koti la baba, tumbo mbele, mikono nyuma, naiga mwendo wa mjomba, kama jogoo aliyekanyaga kaa la moto. Nikasikika nikitangaza kwamba mjomba mwenyewe amefika, aletewe soda mbili. Wageni wakacheka. Nikapokea jembe kwa madaha, nikamkabidhi mama mdogo. Ndipo baba akapewa bahasha.

Sebuleni hakucheka mtu.

"Jembe limetangulia," mjomba akasema. "Ndoa ipo."

Martina akaketi palepale mlangoni. Mimi nikaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea uani.

Mjomba akaburuta kidole. Mikono mitupu. Akaburuta tena. Bahasha. Akaiweka simu chini, akanikazia macho.

"Simu hainipi ule mwendo. Hebu simama wewe, utembee."

Nikatembea. Tumbo mbele, mikono nyuma, mbele ya mwenye mwendo.