Makaburi ya Ng'ambo ya Wadi

Mwaka 1973, wakiwa hawajamaliza hata miaka miwili tangu warudi kutoka Unguja, Turkiya alifiwa na mama yake. Kurudi lilikuwa neno la mama. Turkiya mwenyewe kazaliwa Unguja, na Ibra, mji wa kina mama yake huko Uarabuni, alikuwa hajapata kuiona hata kwa picha. Lakini mama, Bibi Azza, alikuwa akiitaja tangu wanawe wangali wadogo: nyumba ya baba yake, mitende ya baba yake, makaburi walimolala wazee wake nyuma ya mtaa wa zamani. Alipougua hakuomba dawa wala daktari. "Mnilaze kwa wazee wangu," alisema, akarudia mpaka ulimi ukawa mzito.

Wanaume waliondoka na jeneza asubuhi. Turkiya akabaki nyumbani na wanawake, akitaraji adhuhuri watakuwa wamesharudi. Waliingia alasiri imeshapita, nguo zimejaa vumbi, na mdogo wake, Nadhir, viganja vimemchubuka vinatoka damu.

"Mmemzika?" Turkiya akauliza.

"Tumemzika."

"Kwa babu?"

Nadhir akageuza uso ukutani. Thabit, mumewe Turkiya, ndiye aliyesema. Mlangoni pa makaburi walimkuta Sheikh Musallam, mkubwa wa mtaa wa zamani, amesimama na watu wake. Aliwaamkia kwa adabu, akamwombea maiti rehema, kisha akasema makaburi yale ni ya jamaa, na jamaa ni wale ambao nasaba yao inajulikana pande zote mbili.

"Akasema, baba yake Azza twamjua, mama yake hatumjui," Thabit alieleza. "Wallahi, maneno hayo hayo, na jeneza liko mabegani mwetu."

Basi wakamvusha wadi, ule mto mkavu unaopita kando ya mji na kujaa maji mvua ikinyesha milimani. Ng'ambo yake palikuwa na uwanda wa changarawe ambao hakuna aliyewahi kuutaka, maana hata mbuzi hawapati cha kutafuna. Ardhi yake ilikuwa ngumu hata mtaimbo ukigonga unarudi. Wakachimba kwa zamu: Thabit, Nadhir, na fundi mmoja wa magari aliyetoka Bujumbura, ambaye hakumjua marehemu, aliona tu watu wanahangaika akasimamisha gari. Wakaweka mawe matatu juu ya kaburi, kama ilivyo desturi ya huku kwa mwanamke, wakarudi.

Turkiya hakulia siku ile.

Baada ya Bibi Azza alizikwa mtoto wa yule fundi. Halafu mzee wa Pemba, halafu mke wa mtu aliyetoka Kigoma. Wote waliokuja kutoka visiwani na bara walijua: watu wa mtaa wa zamani usiwasumbue, maiti wako mpeleke ng'ambo. Wakaanza na kujenga huko, chumba kimoja kimoja cha matofali, na mahali pakaitwa Ng'ambo, jina ambalo watu wa Unguja walilitia kwa mzaha na likakaa. Mwaka mmoja wadi ilishuka kwa nguvu ikala ukingo mpaka karibu na makaburi. Wanawake wakafunga kanga viunoni, wakabeba mawe kichwani kutwa nzima, na wanaume wakayapanga kuwa ukuta wa kuzuia maji. Kutoka mtaa wa zamani hakuja mtu hata wa kutazama.

Mpaka 1986. Sheikh Musallam alikuwa ameshakufa, na makaburi ya jamaa yamejaa, kila wakichimba wanakutana na mifupa. Ndipo mwanawe, Khalaf, mwenye kampuni ya ujenzi, akatangaza kwamba atayazungushia ukuta makaburi ya Ng'ambo, ajenge na mahali pa kuoshea maiti. Watu wakashukuru. Turkiya naye alishukuru, mpaka Nadhir alipokuja kunywa kahawa akataja jiwe la marmar.

"Jiwe gani?"

"La kutia mlangoni. Litaandikwa kuwa ardhi hii imetolewa wakfu na marehemu Sheikh Musallam, kwa ndugu zake waliorejea."

Turkiya akatua kikombe. "Ametoa nani?"

"Dada, maneno tu haya."

"Huyu aliyemrudisha mama mlangoni? Na wewe uliyechimba kwa mikono hii umekubali?"

"Nimekubali, na wazee wote wamekubali," Nadhir akasema, sauti imeanza kupanda. "Tumechoka kuitwa wageni. Akisema ardhi ni yao na sisi tumo ndani yake, basi sisi ni wao. Khalas. Unataka nini tena?"

"Mama alikuwa wao tangu kuzaliwa, Nadhir. Wao ndio hawakumtaka. Leo hawana pa kujizika, wanaona haya kutuomba, ndiyo wanasema walitupatia ardhi!"

Nadhir akaondoka bila ya kuaga.

Siku ya kutia jiwe, Turkiya alijifunga buibui lake akaenda makaburini na jirani zake, Fakhriya na Wadha, waliobeba mawe naye. Ukuta ulikuwa umesimama pande tatu. Khalaf alikuwepo na mafundi wake, saruji imeshachanganywa, na wazee wa Ng'ambo wamejipanga kama wageni waalikwa.

"Wanawake hawaji makaburini," Nadhir akamwambia kwa sauti ya chini.

"Tulipokuwa tunabeba mawe tulikuwa wanaume?"

Akamgeukia Khalaf, akasema kwa Kiarabu chake kile cha Unguja ambacho watu wa mjini walizoea kukichekea. Safari hii hakucheka mtu.

"Mwanangu, mzikeni mnayemtaka hapa. Ardhi ni ya Mungu, na hatutamsimamisha maiti mlangoni tukamuuliza mama yake nani. Lakini baba yako hakutoa ardhi hii. Alitufukuza, tukaja huku. Ukiandika, andika hilo. Hutaki, usiandike kitu."

Khalaf akawatazama wazee, akingoja mmoja wao amkanye. Wazee wakatazama chini. Yule fundi wa Bujumbura, mvi zimemjaa, akasema, "Anasema kweli. Nilikuwepo."

Jiwe likarudishwa kwenye pikapu. Mafundi nao wakapanda, na upande wa nne wa ukuta haukujengwa. Watu wa Ng'ambo wakauziba wenyewe kwa mawe ya wadi, huku wengine wakimlaumu Turkiya hadharani. Nadhir hakukanyaga kwake mpaka Ramadhani.

Kabla ya mwaka kwisha alikufa Kaltham, mjane wa Sheikh Musallam, na jeneza lake likavushwa wadi. Vijana wa Ng'ambo walimchimbia, na hakuna aliyewauliza neno. Turkiya alikwenda matangani katika mtaa wa zamani, akakaa na wenyeji, akanyoosha mkono kwenye sinia ya tende. Mgeni mmoja aliyetoka mji wa Sur akauliza marehemu amezikwa wapi. Wanawake wa nyumba ile wakatazamana.

"Kwetu," Turkiya akajibu.