Visahani vya K na T

Majirani walimwita Mama Mayai, na kila mpangaji mpya alimgongea mlango kuomba trei moja. Alikwisha kuchoka kueleza. Mayai yake yalikuwa ya ng'ombe, madogo kuliko punje ya chumvi, hayakaangwi wala hayachemshwi. Aliyatoa machinjioni, akayakomaza maabarani ndani ya kabati lenye joto la mwili wa ng'ombe, kisha akayakutanisha na mbegu za dume.

Adui yake alikuwa hewa. Yai likitoka tumboni hupata kutu, ndivyo alivyopenda kusema, kama msumari ulioachwa mvuani. Kwa hiyo alitia vitamini ya kuzuia kutu hiyo katika maji ya kukomazia. Mara tatu alijaribu, mara tatu akaambulia patupu. Mkuu wa maabara, muungwana asiyezunguka mbuyu, alimwambia kwamba safari hii ikishindikana, chumba chake atapewa mtu anayetafiti mbolea.

Asubuhi hiyo aliinamia hadubini, akahesabu mayai yaliyorutubishwa na kuanza kugawanyika. Visahani vya T: ishirini na tisa kati ya sitini. Visahani vya K: arobaini na saba.

K, kawaida. T, tiba. Basi dawa yake ilikuwa sumu! Roho ilimuuma, na kwa nini isimuume? Miaka miwili ya kunuka machinjio si mchezo. Alilaza kichwa mezani akalia kimyakimya, kama watu wazima wanavyolia kazini.

Mkuu aliingia. "Vipi, Mama Mayai?"

"Maji yamezidi unga, mzee. Visahani vya kawaida vimeishinda tiba yangu, tena kwa mbali."

Nyuma ya mkuu alisimama Kobe na kikombe chake cha chai. Huyu ndiye mwenzake aliyeviandaa visahani siku ile Mama Mayai alipokwenda kung'olewa jino. Kobe hajawahi kuharakishwa na jambo lolote tangu azaliwe. Alipiga funda kwanza.

"Kawaida ipi hiyo, dada?"

"Si hiyo K uliyoandika!"

"K ni kinga. Vitamini yako imo humo."

"Na T?"

"Tupu. Maji matupu. Mbona nimeandika daftarini?"

Mkuu alilichukua daftari, akasoma kwa sauti. Kweli: kinga, tupu, kwa mwandiko wa polepole wa Kobe.

Mama Mayai alipiga kigelegele ambacho maabara ile haikuwahi kukisikia. Alimrukia Kobe, chai ikamwagikia koti jeupe, na hakuna aliyejali. Alicheka na machozi yakiwa bado mashavuni. Alitaka kumpiga kofi na kumbusu kwa pamoja.

Mkuu aliliweka daftari mezani. Alivuta kiti, akainamia hadubini, akayahesabu mayai ya visahani vya K mwenyewe, moja moja, midomo ikichezacheza. Wakamsubiri.

"Arobaini na nane," alisema hatimaye. "Umeruka moja. Mtu wa mbolea nitamtafutia chumba kingine."