Bi Rogayah Ajifunza Kuogopa kwa Kiingereza

Bi Rogayah alikuwa na latah, na kijijini kwao kando ya mto Perak, nchi ya Wamalei, mwenye latah ni mali ya umma. Ukimchoma kidole ubavuni kwa ghafla, huruka, hurusha alichoshika, hutoa tusi la kuwaaibisha hata madereva wa malori, kisha hutii lolote atakaloambiwa. Akiambiwa "Cheza!" hucheza. Akiambiwa "Bweka!" hubweka. Watu hucheka mpaka wakafuta machozi, naye akishazinduka hucheka nao, maana angefanyaje? Harusi bila yeye haikunoga, na hakuna aliyejisumbua kumuuliza kama anapenda.

Bingwa wa mchezo huo alikuwa jirani yake Mzee Seman, mstaafu asiye na kazi nyingine duniani ila kidole chake cha shahada. Aliposikia kwamba Zaleha, binti wa Bi Rogayah, anakuja kutoka Manchester na mwanawe wa miaka sita, hata salamu hakutanguliza.

"Huyo mjukuu nitamfundisha mwenyewe mahali pa kuchoma," alimwambia Bi Rogayah. "Urithi usipotee bure!"

Bi Rogayah alicheka, kisha akaanza kuwaza. Mjukuu huyo, Sofea, alikuwa hajamwona ila kwenye simu. Hakutaka mtoto arudi Uingereza akisimulia kwamba bibi yake ni kikaragosi. Na angemwambiaje? Mtoto hajui Kimalei, na yeye Kiingereza chake kiliishia kwenye "asante". Basi akajiandikisha darasa la watu wazima la Mwalimu Devaki, akakaa katikati ya vijana wanaotafuta kazi za hoteli.

"Mwalimu," aliuliza siku ya kwanza, hata kabla hajakaa vizuri, "latah kwa Kiingereza inaitwaje?"

"Waingereza hawana, bibi."

"Hawana neno?"

"Neno hawana, na latah yenyewe hawana. Lakini maneno ya kutishana wamejaza ghala!"

Akayaandika ubaoni. "Startle" ni ule mshtuko wa paka akiruka kutoka kabatini: moyo unapaa, unashuka, yamekwisha, hakuna wa kulaumiwa. "Scare" ni la kila siku, hata mtoto mdogo analo mdomoni. "Frighten" ni lile lile, ila limevaa koti. Likija "terrify," hapo magoti yanagongana. Na "intimidate"? Huyo hata kelele hapigi. Anakusimamia tu mpaka ufanye atakavyo.

"Na yule anayekushtua kila siku ili wenzake wacheke?" akauliza Bi Rogayah.

Mwalimu Devaki akaiweka chaki chini. Yeye pia alikuwa amecheka harusini, tena si mara moja. "Hapo, bibi, itabidi useme tu unavyojisikia."

Jibu hilo lilimkera. Kwa Kimalei ilitosha kusema "ana latah," mazungumzo yakafungwa. Hii lugha ya watu ilimdai maelezo ambayo hajawahi kumpa mtu. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliyajaribu yale maneno moja moja. "Startle" halikumtosha. Paka hamfanyi mtu atetemeke mikono mpaka jioni. Paka hamfanyi mtu aketi harusini ameegemea ukuta, mgongo wake usibaki wazi. Aliona uchungu, kisha akaona hasira, kisha akaenda kukaanga ndizi.

Zaleha na Sofea walipofika, kijiji kizima kilikuja kula. Bi Rogayah alikuwa akipanga sahani mezani, mgongo wazi, alipomwona kwa pembe ya jicho Mzee Seman akimwelekeza mtoto kwa ishara: kidole, ubavu, ruka! Watu wakaanza kucheka kabla hata ya kichekesho. Sofea akanyata, kidole mbele, macho yanamng'aa.

Bi Rogayah akaweka sahani chini, akageuka. Alichagua lile neno ambalo hata mtoto analo mdomoni.

"Sofea, no," akasema taratibu. "It scares me."

Kidole kikashuka. Mtoto akamtazama bibi yake, akamtazama Mzee Seman, akamuuliza jambo kwa Kiingereza, na alitaka jibu kweli.

"Anasemaje?" Mzee Seman akauliza, tabasamu bado liko usoni.

Zaleha akatafsiri. "Anasema bibi anaogopa. Anauliza, babu, mbona unapenda bibi akiogopa?"

Mzee Seman akakiangalia kidole chake kama cha kuazima, akakitia mfukoni.

"Aa, ni utani tu jamani. Si hata mwenyewe hucheka?"

"Nacheka nikishamaliza kuogopa, Seman," akasema Bi Rogayah, safari hii kwa Kimalei, na ajabu ni kwamba hata ulimi haukumkwama. "Hujawahi kuniuliza."

Zaleha akaja mezani, akaanza kumsaidia sahani. Alizipanga akazipangua, bila kumtazama usoni.

"Mama. Hata mimi? Nilipokuwa mdogo?"

Bi Rogayah alitamani kumdanganya, ikamshinda.

"Wewe," akasema, "ndiye uliyekuwa na kidole kikali kuliko wote."

Zaleha akacheka, na cheko likamgeuka kilio hapo hapo mbele ya wageni. Mama yake akamvuta, akamkumbatia mbele yao wote, na wali ukangoja.