Mwalimu wa Maknini

Maknini, ndege mdogo mwimbaji, hazaliwi na wimbo wake wote, hufundishwa. Slimane, kinyozi wa Algiers, aliliamini hilo kuliko alivyomwamini daktari wake. Kila mwaka alifunika kizimba cha kinda kwa kitambaa cheupe, akapanda nacho mlimani hadi msituni, akakitundika karibu na mbigili. Maknini wa porini walikuja kula mbegu zake huku wakiimba, na kinda likajifunza. Asiyefundishwa mwaka wa kwanza hulia kama bawaba kavu mpaka afe.

Miaka yote hiyo alikuwa pia akiomba nyumba ya serikali. Alipoipata, ilikuwa huko huko mlimani. Mkahawani akatamba kwamba sasa atakunywa kahawa na mabingwa dirishani. Watu wakampongeza, wengine kwa kijicho.

Siku ya kuhamia alifungua dirisha, kizimba mkononi. Mbele yake palikuwa na jengo jingine, na nyuma ya hilo jingine. Alishuka kumuuliza mlinzi msitu uko wapi.

"Umehamia ndani yake, ami," mlinzi akasema.

Mkewe Ouardia alicheka mpaka akaketi juu ya magodoro. "Uliomba nyumba, ukaomba na ndege. Mungu kakupa kimoja, nawe unanuna."

Slimane alinuna kweli. Moyo ulimuuma, maana miti ile ilikatwa ili yeye apate jiko lenye vigae. Kinda lilikuwa likikua bila mwalimu, likila mbegu za pakiti. Basi akavuta kiti barazani akaanza kulipigia mluzi mwenyewe, wimbo alioukariri kwa miaka mingi. Majirani walichungulia, watoto wakamwiga. Hakujali.

Majira ya kuchipua yalipofika, kinda likaimba. Liliimba vizuri, likapanda, likashuka, kisha katikati likakohoa. Kikohozi kizito cha mvuta sigara.

"Huyo ni wewe kabisa, mzee," Ouardia akasema, akifuta machozi ya kicheko.

Slimane hakucheka. Alichukua pakiti ya sigara, akaitupa kwenye pipa la taka, na hakununua nyingine.

Wiki zilipopita, Ouardia akamsogelea barazani. "Tangu arusi nakuomba uache, hukunisikia. Leo umeacha kwa ajili ya ndege?"

"Usikasirike, mama Lamia," alisema taratibu. "Mwakani nitalea kinda jingine, na hakuna mwingine aliyebaki wa kulifundisha."