Penseli Kwenye Sikio la Kushoto

Godoro lilikuwa limeshapanda mkokoteni, na Mjomba alikuwa akilifunga kwa fundo lake la kiseremala, lile lisilofunguka ila kwa ridhaa ya aliyelifunga, mpwa wake alipoingia uani akihema kama mtu aliyefukuzwa.

“Mjomba, shusha hivyo vitu.”

“Mwenye mkokoteni ana safari nyingine.”

“Aende nayo. Wewe nipe mpaka Jumamosi.”

“Jumamosi kuna nini?”

“Nitawaonyesha watu wote kile kipande cha taarifa ya habari kilivyotengenezwa.”

Mjomba akacheka puani. “Waonyeshwe tena? Kuonyeshwa si ndiko kulikonipakiza godoro?”

Mtaani walimwita binti huyo Makasi. Alikuwa akisomea uhariri wa filamu, na kwa jinsi walivyoielewa wao kazi hiyo ni kukata tu, wakamhesabu kuwa jamaa wa mafundi cherehani, ila huyu hajawahi kumtolea mtu hata kitambaa cha mkono. Mjomba ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na ndiye aliyemchongea meza ya kuwekea kompyuta, meza nzito ambayo watu wanne waliiingiza chumbani kwa matusi.

Kilichomng'oa Mjomba kilikuwa kitu cha muda wa kupepesa macho mara mbili. Karakana ya Msasa iliungua alasiri moja. Msasa alikuwa seremala wa ng'ambo ya barabara, na zamani walifanya kazi chini ya paa moja na Mjomba, kisha wakakosana, na tangu hapo salamu zao zilikuwa za kunyanyuliana kidevu. Jioni ile mtaa mzima ulijazana kwa Mama Saluni, mwenye runinga kubwa kuliko zote, kuutazama kwenye kioo moto uleule ambao wengi wao walikuwa wametoka kuutazama kwa macho yao. Runinga ikaonyesha ndimi za moto. Ikaonyesha Msasa ameshika kichwa. Kisha ikaonyesha uso wa Mjomba, umeiva rangi ya chungwa, ukitabasamu taratibu. Kisha paa likaporomoka.

Mtangazaji hakumtaja mtu. Hakuwa na haja.

“Mmeona?” Mama Saluni aliuliza, kitana kimebaki hewani juu ya kichwa cha mteja. “Mwenzake anaungua, yeye anakenua.”

Kuanzia hapo, waliokuwa wamemwagiza vitanda walikuja kuvichukua vikiwa havina miguu. Mjomba alijitetea kwa maneno machache na hayakuongezeka: “Uso ni wangu. Kicheko sikijui. Na pale sikuwepo.” Alipoulizwa alikuwa wapi, alisema alikwenda kuangalia mbao. Muuza mbao alipoulizwa, alisema watu wa kuangalia ni wengi, yeye huwakumbuka wanaonunua.

Na Makasi? Makasi alikuwa saluni jioni ile, nywele zimesukwa upande mmoja. Aliinuka hivyohivyo na nusu kichwa chake, akavuka barabara, akamkuta Mjomba ananawa. Alimsalimia. Alimpa taulo. Katika kumpa taulo, aliitazama mikono yake, viganja kwanza, kisha kucha, na akavuta pumzi kidogo kuona kama kuna harufu ya mafuta ya taa. Mjomba akakausha vidole kimoja kimoja.

Masomo yalikuwa yamemharibu, au yalikuwa yamemtengeneza, yeye mwenyewe hakujua. Tangu aingie chuoni hakuna alichokiamini kwa mara ya kwanza. Akimwona mtu analia kwenye filamu, anajiuliza machozi yamepigwa picha lini. Mlango ukigongwa nyumbani, anajiuliza sauti hiyo ameiweka nani. Alikuwa amefundishwa kwamba mtazamaji hufanya nusu ya kazi: mpe uso, mpe kitu kingine baada yake, na yeye mwenyewe atavishona pamoja kisha aape kwamba ameviona vikiwa nguo moja. Haya yote aliyajua, na mtihani wake aliufaulu. Lakini usiku wa ile taarifa alilala akiwa na yakini kwamba mjomba wake alikuwa amesimama mbele ya moto.

Siku ya mkokoteni ndiyo alipokitazama kipande kile kwenye kioo kikubwa cha kompyuta chuoni. Akakisimamisha. Hapo akaiona penseli.

Mjomba hubandika penseli sikioni kama maseremala wote, ila yeye ana sikio moja tu la kubandikia, la kulia. La kushoto lilikatwa ncha na ubao uliorushwa na msumeno wa mashine, halishiki hata kijiti. Kwenye kipande kile penseli ilikaa juu ya sikio la kushoto, na sikio lenyewe lilikuwa zima.

“Wameugeuza uso wako kama kwenye kioo,” alimweleza Mjomba pale uani, akimvuta mkono kutoka kwenye kamba. “Wewe ulikuwa unatazama kulia. Moto ulikuwa kushoto. Wakakugeuza ili uonekane unautazama.”

“Nilikuwa natazama kulia wapi?”

Makasi akatikisa kichwa. Mjomba akaanza kulifungua fundo lake.

“Jumamosi,” alisema. “Lakini vitu sivipangi tena.”

Akakaa siku hizo katikati ya mafurushi, akinywa chai juu ya godoro lililokunjwa, kama abiria aliyekosa usafiri ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Makasi akamwendea Antena. Huyu alikuwa mwanafunzi mwenzake, mrefu, mwembamba, aliyekuwa akifanya mazoezi ya kazi kwenye chumba cha habari cha runinga. Alimkuta kwenye korido ya chuo anakula karanga.

“Taarifa ya moto nani aliihariri?”

“Mimi!” Antena akang'aa. “Uliiona? Mhariri mkuu alisema ina pumzi.”

“Yule anayetabasamu umemtoa wapi?”

“Yule mtazamaji? Aisee, usinikumbushe. Nilikuwa na moto, nina yule mzee anayelia, sina mtu wa kuutazama. Taarifa inaingia hewani, jasho linanitoka. Nikakumbuka stoo yetu.”

“Stoo gani?”

“Ya darasa. Lile zoezi la nyuso.” Akatafuna. “Nikachukua mmoja, nikaugeuza, nikautia rangi ya moto. Tabasamu lenyewe dogo, nikaona litapita kama mshangao. Humjui huyo mtazamaji, au?”

 Makasi alilikumbuka zoezi. Mwalimu wao wa uhariri alikuwa amewaagiza kila mmoja alete nyuso zisizo na jambo, zitakazofaa kuungwa na chochote, waziweke mahali pamoja wazitumie wote. Msiandike ni nani, aliwaambia. Jina humfunga mtazamaji. Andikeni uso unafanya nini. Na Makasi, mwanafunzi mtiifu, alimkalisha mjomba wake karibu na dirisha la karakana, akampiga picha ya video, akaiweka stoo kwa maneno mawili: uso mtupu.

“Ungeona jina lake,” alisema pole pole, “ungemtumia?”

“Jina la mtu? Siwezi. Nani anamtumia mtu mwenye jina?” Kisha Antena akaacha kutafuna. “Makasi. Usiniambie.”

“Ni mjomba wangu.”

“Mungu wangu.” Akapangusa mikono kwenye suruali. “Sikiliza, dada yangu. Nikisema chumbani kule, nimekwisha. Na ukisema wewe, watauliza stoo ilikuwa ya nani, picha ilikuwa ya nani.”

“Unanitisha?”

“Najitisha mwenyewe. Wewe upo karibu tu.”

Makasi alirudi bwenini na kuifungua picha ile nzima, kabla haijakatwa na mtu. Mjomba amekaa, mabega yamekakamaa kama anapimwa jeneza. Sauti ya Makasi inatoka nyuma ya kamera: “Mjomba, mbona umenuna? Mfikirie mama alivyokuwa anaimba.” Mjomba anageuza macho dirishani, upande wa kulia. Muda unapita. Ndipo tabasamu linakuja, dogo, la mtu anayemsikia dada yake akiukosea wimbo uleule kwa miaka yote.

Makasi akairudia. Akairudia tena. Alijua anaona ukweli, na bado kitu ndani yake kilikuwa kikipima: hapa mwanga ni wa asubuhi, hapa pumzi imekatika, hapa ningekata.

Jumamosi saluni ilifurika. Msasa mwenyewe alikuja, akapewa kiti cha mbele kama mfiwa. Mjomba alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani. Makasi akaunganisha kompyuta na runinga, akawaonyesha Mjomba wa dirishani, mzima, na sauti yake. Kisha mbele ya macho yao akamgeuza. Akamtia rangi ya moto. Akamweka baada ya ndimi za moto, na kile kipande kikazaliwa upya, kilekile. Watu wakaguna.

“Tazameni tena,” alisema. Akautoa moto, akaweka kitoto kilicholala. Uso uleule, tabasamu lilelile, na saluni nzima ikalainika.

“Maskini, anampenda huyo mtoto,” akasema mama mmoja.

“Mjomba hamjui mtoto huyo, mama. Mtoto nimempiga picha jana.”

Kicheko kikalipuka. Mtu akataka Mjomba awekwe baada ya sahani ya wali. Mwingine akataka mkwe wake awekwe baada ya nyani. Mama Saluni akapiga makofi mpaka bangili zikalia. Makasi akahisi mabega yake yanashuka, akageuka kumtafuta Mjomba mlangoni.

Msasa alikuwa ameinua mkono.

“Mwanangu, hongera. Umesoma, umesomeka.” Alizungumza kwa upole, kama mtu anayepima ubao ambao hana nia ya kuununua. “Swali langu dogo. Umetuonyesha kwamba unaweza kumgeuza mtu kulia na kushoto, ukampaka rangi, ukampa mtoto asiye wake. Sivyo?”

“Ndivyo, mzee.”

“Sasa hii ya dirishani, na sauti yake, nani atatuambia hukuitengeneza juzi?”

Kicheko kikafa. Makasi akaona macho yakihama kutoka kwenye kioo na kuja kwake, jozi kwa jozi, na kila jozi ilikuwa imejifunza kitu ambacho yeye ndiye aliyekifundisha.

“Sikio,” alisema. “Tazameni sikio lake, lile pale mlangoni.”

“Sikio umesema unaweza kuligeuza,” mtu akajibu nyuma.

“Na mwanafunzi mwenzangu ndiye aliyeichukua kutoka stoo ya darasa.”

“Yuko wapi?”

Hakuwepo. Alikuwa ameahidi kuja.

“Mimi nasema hivi,” Mama Saluni akaamua, akikirudisha kitana kwenye nywele za mteja. “Ile ingekuwa ya uongo, taarifa ya habari wangesema. Mbona hawajasema?” Akaichukua rimoti, kwa maana saa ya habari ilikuwa imekaribia, na watu wote, Msasa pamoja nao, wakajisogeza kumwelekea mtangazaji. Mlango ulikuwa mtupu.

Safari hii mkokoteni haukuhitaji maelezo, vitu vilikuwa tayari. Makasi alimkuta Mjomba akifunga lile fundo.

“Nitakwenda kwenye runinga kwenyewe,” alisema. “Nitawaambia picha ni yangu. Wakinifukuza chuo wanifukuze.”

“Kaseme, mama, ukiona vema. Mimi sisubiri.” Akaivuta kamba. “Unadhani wao ndio wananihamisha? Watu wa mtaa hawa leo wananinunia, kesho wataniletea viti vibovu. Nimeshanuniwa kabla hujazaliwa.”

“Sasa kwa nini?”

“Siku ile ulinipa taulo.”

Makasi akatazama chini.

“Nilikuwa nakuosha mikono hiyo ukiwa hujui kushika kijiko,” Mjomba akasema, bila ukali. “Ukaja ukaninusa.”

Mwenye mkokoteni alijishughulisha na gurudumu. Makasi alitaka kusema samahani, na neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, lakini nyuma yake kulikuwa na jingine linalolisukuma, lile ambalo katika siku zote hizo za kupima mwanga na masikio hakuwahi kulitamka: siku ile, Mjomba, ulikuwa wapi? Mjomba aliliona. Aliacha kamba, akasimama akimtazama, mikono imening'inia, akamngoja.

Makasi hakuuliza. Wala hakusema lile la kwanza.

Mkokoteni ukaondoka.

Makasi alikwenda kwenye runinga. Walimsikiliza, wakamshukuru, wakasema watalifanyia kazi. Chuo hakikumfukuza, stoo ya nyuso ilifungwa kwa muda, kisha ikafunguliwa. Antena aliajiriwa na sasa ni mhariri mkuu msaidizi. Msasa alijenga karakana nyingine, pana zaidi, na chanzo cha moto hakikutangazwa. Mama Saluni alinunua runinga kubwa kuliko ile. Mjomba anatengeneza vitanda katika mji mwingine. Hutuma salamu kwa watu wanaosafiri, na penseli bado huiweka kwenye sikio la kulia. Makasi anahariri filamu za harusi. Kila uso anaouhifadhi anauandikia jina kamili, na wateja wake hulalamika kwamba anachelewesha kazi.

Kile kipande hakijafutwa. Hurushwa kila kunapotokea moto mahali, na uso wa Mjomba bado unatazama kushoto.