Homa Isiyo na pa Kurudi

Siku ya gulio, zahanati ya Ntobeye hujaa mapema. Watu huteremka na mikungu ya ndizi na magunia ya maharage, na wenye homa hupita kwanza kwa dokta Juvenali ndipo waende kuuza. Juvenali, ambaye ndiye mganga mfawidhi, huwapokea mlangoni. Anayechemka mwili, anayeumwa kichwa, mgongo au magoti, wote huchomwa sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na kutokea upande wa pili wakiwa wepesi. Homa zao hutoka nao, zikaenda kukaa kwenye benchi la nje.

Homa hizo zilifanana na wenyewe kama watu wa tumbo moja wanavyofanana, ila zilijifunika vitenge hata jua likiwaka, na rangi ya benchi ilibabuka pale zilipokaa. Hazikumsumbua mtu. Akina mama walianika nepi karibu nazo zikauke upesi. Jioni, sindano ilipoisha nguvu, homa moja moja iliinuka, ikakung'uta kitenge chake na kushika njia ya kwa mwenyewe. Wengine walizisubiri gulioni ili warudi nazo pamoja.

Nesi Dafroza hakulipenda jambo hilo, na hakulificha.

"Hujaiponya," alimwambia Juvenali. "Umeitoa nje ipunge upepo."

Juvenali alijua. Walisoma chuo kimoja, na mwalimu yuleyule aliwafundisha kwamba homa hutafutiwa chanzo, na kwamba dawa ya maumivu haitolewi kabla ya kujua uzito wa mgonjwa, maradhi aliyo nayo na alichokwisha kumeza. Lakini mwaka uliopita mtu mmoja aliondoka bila sindano akaenda kumlalamikia diwani, na diwani akaja kugonga meza mbele ya wagonjwa. Tangu hapo Juvenali hakutaka tena mtu aondoke bila sindano.

Siku moja ya gulio alikuja Uwimana, binti wa familia iliyovuka kutoka Burundi miaka mingi iliyopita, ikabaki na kulima. Mgongoni alibeba mwanawe, Manirakiza, aliyekuwa bado hajaanza kutembea vizuri.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mama. Mvue kwanza hilo sweta, na hilo blanketi liweke pembeni. Nyumbani amekunywa nini?"

"Hakuna."

Dafroza alimweka mtoto kwenye mizani, akasoma uzito wake taratibu. "Mimi sigombi na aliyenunua dawa dukani," alisema. "Nataka kujua tu, ili nisije nikamdhuru."

Uwimana alifungua pindo la kitenge akatoa chupa mbili za dawa ya maji. "Hii ya homa nilimpa alfajiri. Hii ya mafua nimempa njiani, maana alizidi kuchemka."

"Kwa kijiko gani?"

"Cha kulia wali."

Dafroza alisoma maandishi madogo ya chupa zote mbili. Ilikuwa parasetamo ileile, imevaa majina mawili. Alipiga hesabu kwa uzito wa mtoto. Ilikuwa imezidi, na ikizidi huumiza ini, lakini haikuwa imefika pa kumkimbiza hospitali ya wilaya. Akamchoma kidole, na kipimo kikaonyesha malaria.

Juvenali alichungulia. "Dada, foleni imefika barabarani. Mpe ya maji aende, au mlete nimchome."

"Simpi. Na wewe humchomi."

"Mfawidhi hapa ni nani?"

"Ni wewe. Lakini ini la huyu mtoto ni moja."

Juvenali alirudi mlangoni kwake. Dafroza alimpa mtoto dawa ya mseto ya malaria, akamlaza karibu na dirisha, akawa anampangusa kwa kitambaa kibichi huku mama yake akimnywesha maji kidogo kidogo. Alimwonyesha Uwimana jinsi ya kupima dawa kwa bomba lisilo na sindano, akamwambia ile ya homa asimpe tena siku hiyo. Akamkataza kuondoka, kwa sababu alitaka kumwangalia mtoto kwa macho yake mwenyewe.

Wakati huohuo Matiasi, mkulima wa maharage, alipita mlangoni. Wiki hiyo alikuwa amekwisha kuchomwa zaidi ya mara moja, na kila mara homa yake ilimrudia. Alikuwa na vidonda vya tumbo tangu ujana wake, na sindano ile huweza kuvitoa damu. Angeulizwa angesema, kwa maana alikuwa mtu wa kupenda kueleza. Alichomwa, akamshukuru dokta, akaenda kuuza maharage. Homa yake ikakaa benchini.

Jioni iliinuka kama kawaida, ikapanda kilima hadi kwa Matiasi, ikakuta watu wamejaa uani. Alikuwa ametapika damu nyuma ya nyumba, na pikipiki iliyoitwa kumpeleka hospitali ilifika akiwa amekwisha kukata roho. Homa ilisimama mlangoni ikawapisha waliokuwa wakiingia na mikeka. Baadaye ikageuka, ikateremka, ikarudi kukaa benchini.

Asubuhi Dafroza aliikuta hapo peke yake.

"Mbona hujaenda?"

"Nilikwenda," ilisema. "Hayupo."

Dafroza alikaa kando yake kwa muda. Alifikiri kwamba angekuwa mlangoni angemuuliza Matiasi, lakini wakati huohuo Manirakiza, akiwa hana wa kumuuliza mama yake, angepewa dawa ileile mara ya tatu. Hasira ilimjaa. Alilowesha taulo, akaizungushia kiganjani, akaishika ile homa mkono na kuiingiza chumbani kwa Juvenali, akaiketisha kwenye kiti cha mgonjwa.

"Huyu ni wa Matiasi," alisema. "Hana pa kurudi. Mwenyewe alikuja kwako."

Juvenali aliitazama homa, na homa ikamtazama kwa macho ya Matiasi. Kiti kilianza kunuka kuungua.

"Mtu akifa, kila mtu anasema ni sindano," Juvenali alisema kwa sauti ndogo. Kisha akaiomba homa ikasubiri nje, akaita anayefuata.

Manirakiza alipona. Homa yake ilitoka yenyewe bila kuchomwa, ikapita benchi bila kulitazama, ikashika njia ya bondeni na haikuonekana tena. Uwimana aliisindikiza kwa macho mpaka ilipopotelea kwenye migomba.

Siku chache baadaye wakubwa walikuja kutoka wilayani. Walikagua benchi, wakagusa pale lilipobabuka, wakakubaliana kwamba mbao hazifai kwa matumizi ya homa. Waliahidi benchi la chuma, na kweli likaletwa. Dafroza aliambiwa kuwa anachelewesha huduma na kwamba atahamishiwa kwingine.

"Sihami," alisema. "Mtakuja kunibeba."

Wakamwambia watakuja. Siku ya gulio iliyofuata aliitoa mizani nje, akaiweka mwanzo wa foleni, akawa anamuuliza kila mtu amemeza nini na anaumwa nini kingine. Juvenali akafungua dirisha la nyuma na kuwachoma huko wale wasiotaka kuulizwa. Walikuwa wengi.

Msiba ulipoisha, Domisiana, mjane wa Matiasi, aliteremka zahanati akiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani. Aliisalimia homa, ikamjibu kwa sauti aliyoizoea. Akaikamata mkono bila taulo, wakazunguka nyuma pamoja, wakakaa chini ya lile dirisha, wameegemea ukuta. Aliyetaka kuchomwa ilimbidi kuwaruka. Wengine waliruka. Wengine walisimama, wakamsikiliza Domisiana akieleza jinsi Matiasi alivyokufa, wakarudi kwenye mizani.

Juvenali alitoa kichwa nje. "Mama, pole sana kwa yaliyokupata. Lakini hapo mnaziba njia, na watu wana haraka."

Domisiana alinyoosha miguu yake akaifunika vizuri kwa kitenge, na homa nayo ikanyoosha yake.

"Mume wangu alihudumiwa haraka, dokta," alisema. "Sisi tutakaa."