Naombeni Mnishike Mkono

Katika kikundi chetu cha maombi hakuna aliyewahi kuomba mkono akaukosa. Nalisema hili kifua mbele, maana mimi hapo ndiye mwanachama wa mfano: ombi likiingia kwenye simu, mstari wa pili haujasomwa, nimeshajibu.

Jumatatu saa mbili asubuhi Mama Vifungo alikuwa ameketi mbele ya cherehani yake, mguu wa kulia umefungwa plasta ngumu na kuegeshwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ni mjane, fundi wa nguo, na jina hilo alipewa kwa sababu huongea akiwa amebana vifungo vitatu midomoni na bado utamwelewa. Anakaa ghorofa ya nne. Lifti ya jengo ilikufa zamani. Mlangoni pake pameandikwa "Inatengenezwa" kwa rangi iliyokwisha kupauka. Alhamisi saa tatu alitakiwa hospitali. Mfupa ulikuwa umeanza kuunga upande, na daktari alimwambia waziwazi kwamba akichelewa, mguu utabaki hivyo hivyo, atembee kama kaa mpaka kaburini.

Ngazi ni themanini na nane, na kuzishuka kwa mguu mmoja si mchezo. Basi akaandika kwenye kikundi: "Wapendwa, Alhamisi nina safari ya hospitali, siwezi kushuka. Naombeni mnishike mkono."

Ndani ya dakika kumi wapendwa mia moja na tisini walikuwa wamebonyeza kile kipicha cha viganja viwili vilivyokutana. Na mikono ikafika.

Ilifika jozi jozi, imeishia kwenye kiwiko, safi, yenye joto la kawaida, viganja vimeshikamana kwa sala. Ya kwanza ilitua juu ya sare ya shule aliyokuwa akiishona. Aliisogeza, akamaliza mshono, kisha akaanza kutafuta pa kuipanga mingine. Kufikia saa nne kabati lilikuwa limejaa, akahamia chini ya kitanda.

Aliijaribu kazi. Aliiomba imshikie mkasi, haikuachana. Aliingiza rula katikati ya viganja, kisha mwiko, wapi! Alipoona haifunguki, aliipa shughuli inayoiweza: mingine aliizungushia nyuzi, na jozi mbili nene za wazee wa kanisa akazifanya kizuizi cha mlango. Ya mchungaji aliitambua kwa pete. Ilifika mara nne, kwa kuwa mchungaji alibonyeza mara nne, kwa mkazo. Ya katibu wa kikundi ilikuwa na vidole sita kila mmoja. Katibu alikuwa ameweka kwenye simu programu ya kumjibia maombi ili naye apate muda wa kukaa na Mungu, na programu hizo, kama tujuavyo, vidole huwa vinazishinda.

Jozi moja tu ilifunguka. Ilikuwa ya bibi anayekaa benchi la nyuma, ambaye hana hata simu. Mjukuu wake alimsomea ombi, bibi akapiga magoti, akakaa huko saa nzima, ndipo akamwambia mjukuu abonyeze. Mikono yake ilifika ikitetemeka, ikaachana, ikatunga uzi kwenye sindano, ikaosha kikombe na kukifunika. Lakini bibi ana miaka themanini na sita. Kumbeba mtu, hapana.

Mlinzi wa jengo, mzee mwenye simu ya tochi isiyoingia kwenye kikundi chochote, alipanda na dumu la maji kama kila siku. Jumatatu aliiona mikono, akaamkia, akaondoka. Jumatano akauliza hawa ni wageni wa nani.

"Wa kanisa," alisema Mama Vifungo.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Mlinzi aliitazama tena. "Ila hawa sijui jembe watalishika na nini."

Jioni hiyo kulikuwa na ibada ya mtandaoni, picha safi kiasi cha kuhesabu matone ya jasho kwenye paji la uso la mchungaji. Alihubiri habari za wale watu wanne waliombeba rafiki yao aliyepooza mpaka wakampitisha darini. Mama Vifungo alifuatilia akiwa ameegesha simu kwenye viganja vya mchungaji mwenyewe. Mchungaji akauliza ni nani kati yetu yuko tayari kushika pembe moja ya mkeka. Watu elfu mbili wakabonyeza mikono. Hiyo ilikwenda kanisani, ikajaa hadi mlangoni, na maombi ya alfajiri yakahamishiwa mtandaoni yote.

Alhamisi Mama Vifungo alivaa gauni lake la kutokea, akakaa mlangoni tangu saa moja. Saa mbili programu ya katibu ilimwandikia kwamba tuko pamoja naye. Saa tatu kasorobo mlinzi alimweka mgongoni. Walifika ghorofa ya pili, mgongo ukagoma, na ngazi zilizobaki wakazishuka wote wawili kwa makalio, moja baada ya nyingine, wakisalimiana na wapangaji wanaopanda. Hospitali walifika saa sita. Daktari alikuwa ameondoka. Walipewa tarehe nyingine, miezi mitatu mbele. Mama Vifungo aliliarifu kundi, na jioni ikafika mikono sitini ya pole.

Jumamosi nilikwenda kuchukua suruali yangu niliyompa aipunguze. Nilimweleza Mama Vifungo kwamba wiki nzima simu yangu ilikuwa mbovu, sijaona ombi hata moja. Ningeliona, ningefika mbio na vijana watatu, tukambeba kama bibi harusi. Alinisikiliza vizuri, vifungo midomoni. Kisha akaichukua jozi iliyolala juu ya suruali yangu, akanipa niishike. Ilikuwa ya moto kuliko mingine, na gumba la kushoto lilikuwa na kovu langu la kisu.

"Hii imekutangulia dakika mbili tu," alisema. "Nimetoka kuandika kwamba mlinzi mgongo unamuuma, mwenye nafasi amsaidie kupandisha maji."

Nikamwambia makovu hufanana, mama, hata mapacha wapo.

Nyuma yangu kitu kizito kilitua sakafuni. Mlinzi alijinyoosha taratibu, mkono mmoja kiunoni.

"Nimepanda nyuma yake tangu chini," alisema. "Nilimwomba anipokee dumu, akanijibu mikono yake ina kazi. Simu ikalia, akabonyeza akitembea, hata mwendo hakupunguza."

Mama Vifungo alitema vifungo kiganjani, kimoja kimoja.

"Na hiyo mingine uliyobaki nayo, mwanangu," akauliza, "inafunguka?"

Nikaitazama. Ilikuwa imeshika simu.